Jibu Nililompa Senkondo

Sijambo si nimepona. Naam, ndivyo nilivyosema, nawe Nakiete usininunie. Acha kwanza kufunga kamba za raba. Homa imekuachia juzi tu, leo unataka kukimbilia netiboli. Mmeniuliza msemo huu ulitoka wapi. Haukutoka mbali. Ulitoka hapa hapa uani, kinywani mwangu, na ulianza hivi.

Kaka yangu Kangero alikuwa na mbio kuliko kijana yeyote wa milima hii. Enzi hizo, kila msimu kabla ya kufungua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, vijana wa kijiji cha juu na wa kijiji chetu cha chini walishindana kuupanda mlima. Kijiji kilichotangulia kugusa ukuta wa ndiva ndicho kilichopewa maji kwanza. Miaka minne mfululizo tulimtegemea Kangero, wala hakutuangusha.

Mwaka wa tano akashikwa na kichomi. Siku kumi na mbili alilala akikohoa na kushika ubavu, mama akimnywesha uji kwa kijiko. Homa ilipomwachia, mganga wa zahanati alimwonya asikurupuke: wiki hii atembee mpaka langoni, wiki ijayo mpaka kisimani, na akianza kuhema arudi. Kangero alitii. Siku ya nne akafika langoni, akaegemea nguzo, akajicheka kwamba hata kikongwe angempita.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mbio. Senkondo, kiongozi wa wakimbiaji wetu, alipita asubuhi nikifagia ua. Hakuingia. Aliniuliza akiwa njiani, "Mgonjwa aamkaje?"

"Hajambo," nikamjibu.

Mnajua wenyewe tunavyojibu. Hata mtu akiwa hoi tunasema hajambo; ni adabu, tena ni dua. Senkondo akaenda zake akifurahi. Haukupita muda ngoma ikalia, na jina la Kangero likaitwa pamoja na ya wenzake. Akatoka ndani, shati mkononi.

"Kaka, unakwenda wapi? Jana lango tu lilikuhemesha."

"Wameniita, Namvumo. Senkondo amewaambia nimepona."

"Amesikia kwa nani?"

"Kwako."

Nilitaka kumshika mkono. Lakini mahindi yetu yalikuwa yamenyauka kwa jua, watu wote wamemkodolea macho, nami nikaona haya kumzuia mwanamume mbele ya wenzake. Nikanyamaza. Najilaumu kwa hilo mpaka leo.

Aliwatangulia wote. Aligusa ukuta wa ndiva, akakaa chini, mkono kifuani, akaomba maji. Senkondo aliinama akayachota kwa viganja. Alipogeuka, Kangero alikuwa amekwisha kufa.

Mahindi yalistawi mwaka ule. Mimi sikuyala.

Matangani Senkondo alikuja akaketi mbele yangu, machozi yakimtoka. "Lakini nilikuuliza, dada. Ulisema hajambo."

"Nilisema hajambo," nikamwambia. "Sikusema amepona."

Tangu hapo Senkondo hakumruhusu mtu aliyetoka kuugua kukimbia, mpaka amwone kwa macho yake akienda kisimani na kurudi bila kuhema. Kijana akibisha, "Mimi sijambo, mzee," alimwambia, "Sijambo si nimepona." Wakimbiaji wakalichukua neno hilo, mama zao wakalichukua, na siku hizi watu hulisema bila kujua lilimgharimu nani.

Basi kesho, Nakiete, mimi nawe tutatembea mpaka kwenye mgomba wa mwisho, polepole, maana hata magoti yangu hayataki haraka. Raba zirudishe ndani. Na sasa nijibu, mjukuu wangu: hali yako?

Sijambo, umesema.

Alhamdulillahi. Lakini sijambo si nimepona.