Ufunguo wa Pikipiki ya Tabibu

Hapo zamani, milima ya Upare ikiwa na pikipiki moja tu, na hiyo moja ikiwa kuukuu tayari, aliishi Bi Nakijwa, mke wa Tabibu Mndeme. Mumewe aliizunguka milima kwa pikipiki hiyo, sanduku la dawa nyuma. Siku moja alilifungua gurudumu la nyuma alitengeneze. Kila chuma alichokitoa alikitunga kwenye kamba, kwa mpangilio kilivyotoka, maana ndiyo ilikuwa desturi yake. Kabla hajalirudisha, akaugua.

Akamwita mkewe, akampa ufunguo. "Mama Namkunda, pikipiki ni ya atakayelifanya gurudumu lile lizunguke tena. Lakini usikae unafikiri mwaka mzima, nakujua! Siku likizunguka, ufunguo uwe umetoka mkononi mwako kabla halijasimama."

Akafariki.

Basi katika kusafisha nyumba kwa ajili ya matanga, binti yao Namkunda akaiona ile kamba, imeganda grisi na matope. Wageni watatuonaje? Akaikata, akavisugua vyuma kwa majivu kama anasugua masufuria, akavianika kwenye kichanja cha vyombo. Maji machafu akayamwaga migombani. Mpangilio ukapotea. Bi Nakijwa alilia kuliko alivyolia msibani, kwa sababu kamba ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe.

Habari ya wosia ilipoenea, akaja Mbonea, fundi baiskeli. Rimu ilikuwa imepinda, spoki zimelegea. Siku tatu alizinyoosha na kuzikaza moja moja, akizigonga kwa ukucha na kusikiliza, mpaka zote zikalia sauti moja. Lakini vyuma vya kichanjani vikamshinda. Akivipanga hivi, gurudumu linagoma. Akivipanga vile, linagoma.

Akaja Mzee Kiangi, asiyeona. Enzi za macho yake alikuwa mbeba sanduku wa Tabibu, na kila pancha ya njiani vyuma viliwekwa viganjani mwake kimoja kimoja.

"Nipeni." Akapapasa. "Hiki kinatangulia. Hiki kinafuata. Hiki upande wa mnyororo." Mkono ukasita. "Hapa hukaa bushi nyembamba, kile kipete cha chuma. Iko wapi?"

Haikuwepo. Namkunda akakumbuka maji ya migombani. Akachukua chekecheo la unga, akapiga magoti, akachekecha udongo wa shamba siku mbili, vidole vikamchubuka. Siku ya pili alasiri ukasikika ukelele: bushi hiyo, ndogo kama pete!

Wakavipanga vyuma, wakapitisha ekseli, wakakaza nati. Mbonea akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja.

Jamani! Likazunguka. Likazunguka bila mlio, likazunguka mpaka spoki zote zikapotea machoni, ukauona ukuta wa nyumba ng'ambo yake kana kwamba katikati hapana kitu. Bi Nakijwa akahisi mumewe amesimama pale pale uani. Mzee Kiangi hakuona lolote, ila upepo wa gurudumu ulimpiga usoni, akavua kofia.

Ndipo Mbonea akanong'ona, "Mama, bila spoki zangu kungezunguka nini?"

"Na bila vidole vyangu," akasema Mzee Kiangi, "zingekuwa spoki za kutazamwa tu. Kuendesha sitaendesha, shemeji, lakini nitamjua wa kunipakia."

"Bila bushi lisingezunguka," akasema Namkunda. "Nilipoteza mimi, nimetafuta mimi. Nipe, mama, nizipeleke dawa alikozipeleka baba."

"Dada, usingeikata kamba, nisingemhitaji mtu!" akasema Mbonea.

Mzee Kiangi akacheka. "Na asingeyaondoa matope yale, vidole vyangu visingetambua kitu."

Bi Nakijwa akafundua pindo la kanga, akautoa ufunguo. Alimsikiliza kila mmoja, na kila mmoja alimwona ana haki, na hilo ndilo lililomtia hofu. Viganja vitatu vilikuwa mbele yake: kimoja cheusi kwa grisi, kimoja chenye mikunjo ya uzee, kimoja kimechubuka.

Na gurudumu, ndugu zangu, limeanza kuchoka. Spoki zinarudi machoni, kwanza kama moshi, sasa unaweza kuzihesabu. Msinitazame mimi, mtazameni yeye, mkono umeshanyooka. Semeni upesi, kabla halijasimama: je, ufunguo ni wa nani?