Vigelegele vya Bi Mwanakombo

Wewe unayecheka pembeni, funga kinywa kabla inzi hajaingia. Ukiambiwa sungura alimpanda simba mgongoni, unaitikia. Ukiambiwa sultani alikuwa na redio, unauliza betri alinunua wapi! Keti usikilize, au ondoka uwaachie wenzio nafasi ya kunyoosha miguu.

Hapo zamani, katika mji wa Shangajuu, palikuwa na Sultani jina lake Mbaraka, naye aliipenda sauti yake kuliko halua. Kwa ajili hiyo akaweka redio ndani ya jumba lake, akaamuru katika kila mtaa usimamishwe mlingoti na juu yake ifungwe spika, ili yeye akipiga chafya mji mzima useme, "Afya!" Na spika zile hazikuwa na mahali pa kuzimia.

Basi alikuwako kizee mmoja, Bi Mwanakombo, somo wa kuwafunda maharusi. Hakuwa na mali ila mkeka, kinu na ulimi. Meno yalikuwa yamemkimbia, yamebaki matatu, na mwenyewe husema yaliona aibu kwa yale yaliyokuwa yakipita. Kila Alhamisi adhuhuri aliingia redioni akawafunda wanawali wa mji mzima kwa mpigo mmoja, na ujira wake ni kapu la mchele na nazi. Kapu hilo ndilo lililomweka hai.

Sasa, desturi ya nyumba ya somo ni hii: mlango hufungwa, na mtoto au mwanamume akipita dirishani, wanawake hupiga vigelegele, wakalifunika neno mpaka apite. Kila mtu Shangajuu alijua kwamba penye kigelegele cha ghafla pana jambo. Lakini kule redioni hapakuwa na dirisha, na Bi Mwanakombo hakuona ni nani anapita. Akasema yote. Ikawa watoto wa chuoni wakaenda kumwuliza maalimu wao maana. Maalimu akameza mate, akafunga chuo siku ile.

Waziri Badawi, ambaye hakuwahi kukosa hata Alhamisi moja, akaenda kushtaki. Kizee akaletwa barazani.

"Ewe kizee," akanena Sultani, "umeujaza mji wangu uchafu."

"Naam, bwana wangu. Mdomo huu nausukutua kila asubuhi, hautakati."

"Basi sikiliza hukumu. Kapu lako la mchele nimelizuia. Tangu leo neno lolote la aibu redioni, likitoka kinywani mwa yeyote, utalifunika wewe kwa vigelegele. Tena asitokee msikilizaji hata mmoja wa kuwaza upuuzi. Akiwaza mmoja tu, utahama mji huu, mkeka wako kichwani."

Bi Mwanakombo akaona giza. Umri wake ulikuwa wa kuhamia kaburini, si mji wa pili. Kuuchunga ulimi wake mwenyewe kulimshinda tangu utotoni. Leo apewe kuchunga vichwa vya watu! Akainama, akasema, "Bwana wangu, mimi haya sikujaliwa. Ni nani atanionyesha lipi ni neno la aibu?"

"Waziri wangu. Yeye ni mtu wa haya."

Basi kizee akamgeukia Waziri. "Paja, bwana, ni aibu?"

"Aibu."

"Hata la kuku?"

"Hasa la kuku."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi hufanya mambo yake njiani mchana kweupe. Mfunike."

"Kushika? Kulala?"

Waziri akafumba macho kidogo, jasho likamtoka. "Funika, bibi, funika!"

Sultani akamsifu Waziri wake kwa usafi wa moyo.

Hata siku ya pili, Sultani akaketi redioni kutangaza hisani yake ya sikukuu: kwamba amemkaribisha Waziri chakula, akampa paja la mbuzi, na kila nyumba itapewa nyama kama ile. Bi Mwanakombo akasimama kando yake, ulimi tayari. Mji ukasikia hivi:

"Raia wangu! Jana Waziri alikuja kwangu, nikampa — lelelelele! — naye kwa furaha akali — lelelelele! — kwa mikono miwili, jasho likamchuruzika, kisha aka — lelelelele! — mpaka alasiri. Nami naahidi, sikukuu hii kila nyumba itapata kama alivyopata Waziri!"

Loo! Sokoni mizani ziliachwa zikining'inia. Kinyozi alimnyoa mteja sharubu upande mmoja, akaanguka kwa kicheko. Mke wa Waziri hakucheka. Alipigilia komeo, Waziri akabaki nje na kilemba chake.

Sultani akamwita kizee, macho mekundu. "Umeniaibisha!"

"Bwana wangu, ni neno gani chafu lililosikika?"

Sultani akafikiri. "Hakuna."

"Mimi nilifunika chungu kama nilivyoamriwa. Mtu akitia chake ndani, ni mboga ya kwao."

"Lakini niliamuru asiwaze mtu, nao wamewaza!"

"Kama wamewaza, nitahama. Mkeka wangu huu, nimekwisha kuuviringisha. Ila aje mmoja tu, asimame hapa mbele yako, aseme aliwaza nini."

Sultani akamtazama askari wa mlangoni. "Wewe, uliwaza?"

"Mimi, bwana? Niliwaza nyama."

"Waziri?"

"La hasha! Nyama, bwana. Nyama tu."

"Na wewe, bwana wangu," akauliza Bi Mwanakombo polepole, "uliposikia vigelegele vyangu, uliwaza nini?"

Mabega ya Sultani yakaanza kutikisika, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia puani.

"Kapu lako nakurudishia," akasema akipangusa machozi. "Nikuongeze nini?"

"Spika zitiwe mahali pa kuzimia, na mimi niingie redioni baada ya isha, watoto wamelala. Waziri hakusema uongo wote, bwana. Maneno yangu ni ya chumbani, nawe uliyatundika mlingotini. Na mimi mroho, nikakwea nayo kwa kapu la mchele. Mwenye kutaka, afungulie kwake, afunge mlango."

"Imekuwa. Na mpeni paja zima la mbuzi!"

"Kwa meno haya matatu? Mjukuu wangu atakula; mimi nitanusa."

Alipoinuka kwenda, Sultani akamwita tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Bibi, hapa tu watu wazima watupu. Yule bwana harusi uliyemsimulia redioni Alhamisi ile, aliyejificha chini ya kitanda... mambo yake yaliishaje?"

Waziri akasogea. Askari naye akasogea.

Bi Mwanakombo akawatazama mmoja mmoja. "Hayo, bwana wangu, husemwa mlango ukishafungwa."

Akatia mkeka kwapani, akalikumbatia paja lake la mbuzi, akatoka nje, akaufunga mlango.