Kafi la Mtu wa Nyuma

Sogeeni karibu, wanangu. Ninyi mlioegemea mlango, ingieni, mkeka upo. Mama Tumsifu, mnyonyeshe huyo mtoto hapo hapo, usitoke nje. Kelele za mtoto hazinisumbui. Zinazonisumbua ni za watu wazima wanaonong'onezana bei ya vitunguu. Tunyamaze kidogo. Najua mmechoka, kila mtu humu ametoka kazini, na mimi mwenyewe magoti haya nimeyaburuta tu hadi hapa. Sitawaweka sana. Kusoma sijui, Neno mmeshasomewa na katibu. Mimi nina mfano mmoja, nilioupata kwa marehemu mama mkwe wangu. Yeye alikuwa hasimulii jambo mpaka akohoe kwanza, aulize, "Mpo?" Na msipojibu wote hafungui mdomo.

Mpo?

Haya.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeolewa kijiji cha kando ya bwawa. Bwawa kubwa, limejaa mafunjo marefu kuliko nyumba, na maji yanapita katikati ya mafunjo kama vichochoro. Mashamba ya mpunga yalikuwa ng'ambo. Asubuhi watu walivuka, kila mtu na mtumbwi wake, lakini kwa pamoja, maana pale mtu havuki peke yake. Kuna viboko. Na mafunjo yenyewe hayatulii. Upepo ukivuma yanahama, kichochoro ulichopita asubuhi, jioni unakikuta kimezibwa.

Aliyekuwa akivuka ni mumewe. Mume akafa. Mama akaachiwa watoto wadogo, shamba na mtumbwi, na kafi hajawahi kulishika, kwa sababu alikozaliwa ni milimani, maji wanayoyajua ni ya kisimani. Na desturi ya pale ilikuwa hii: shamba likikaa msimu mmoja bila kupandwa, wazee wanampa mtu mwingine. Mvua zimeshaanza. Mbegu anayo ndani. Amebakiwa na wiki tatu. Sasa niambieni, mtu kama huyo anahitaji nini? Nguvu hana, lakini nguvu zitakuja. Alihitaji wenzake wa kuvuka nao.

Akashuka mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa, akawakuta wanawake watano, mikono yao minene, ndio waliokuwa wa kwanza kuvuka kila siku.

"Wifi zangu, naomba niandamane nanyi."

"Unajua kupiga kafi?"

"Najifunza."

Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Sisi tunakwenda shambani, wifi, hatuendi shule. Lakini maji si ya mtu. Tufuate."

Akawafuata. Akapiga kafi upande mmoja tu, maana ndio mkono aliouzoea kwa jembe, na mtumbwi ukazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mmoja akageuka, akamwuliza, "Umedondosha hereni huko?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka vile watu wanavyocheka asubuhi. Kona ya kwanza aliwaona migongo. Kona ya pili hakuwaona. Hapo njia inagawanyika, yeye akaingia mkono wa kushoto, ambao hauendi popote. Akakaa humo mpaka jua la utosi, akijivuta kurudi kwa kushika mafunjo, na mafunjo yanakata. Alifika mwaloni viganja vinavuja damu, mbegu imelowa.

Akalala siku mbili. Mama mkwe wangu alikuwa akifika hapa anasema, "Kuchoka kwa mwili ni usingizi tu. Kuchoka kwa kuachwa hakulaliki."

Siku ya tatu akamwendea jirani mmoja, mwanamume mpole, mtumbwi wake mpana. Yule akamhurumia kweli. "Shemeji, kwa nini uteseke? Kaa hapa katikati, shika mbegu zako, mimi nitakuvusha."

Akamvusha wiki nzima. Mama akapanda robo ya shamba. Siku moja akamwomba, "Shemeji, nipe kafi nijaribu kidogo."

"Ukishika wewe tutachelewa. Tulia tu, umeshafika."

Wiki iliyofuata yule bwana akapata safari ya mjini, arusi ya mpwa wake. Mama akasimama mwaloni na kapu la mbegu kichwani, akiyatazama maji. Amevuka siku saba na hajui kuvuka. Mmemwona? Wapo humu wamebebwa miaka mingi hivyo, nami sitawataja.

Sasa pale mwaloni kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakuna aliyependa kuandamana naye. Mtumbwi wake ulikuwa unavuja, kila mara anasimama kuyakomba maji kwa kata. Mwendo wake wa pole. Akamwona mama amesimama, akamwuliza, "Mwanangu, huyo unayemngoja anakuja?"

"Haji, bibi."

"Basi fungua mtumbwi wako. Utangulie wewe, mimi nitakaa nyuma."

"Nitatanguliaje? Njia siijui."

"Njia naijua mimi, nitakuelekeza. Nikitangulia mimi nitakwenda mwendo wangu, na hata huu wangu wa kizee utakushinda. Ukitangulia wewe, nami nitakwenda wako."

Halafu akamfundisha jambo moja, kabla hata ya kumfundisha kushika kafi. Kila ukipita kona, mafunjo yakakuficha, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara mbili. Ko, ko. Mwenzako naye agonge mara mbili. Akijibu, endeleeni. Asipojibu, simama ugonge tena. Ikifika mara ya tatu ni kimya, geuka ukamtafute.

"Hata kama nimechoka, bibi?"

"Mwanangu, huko ndani nani hajachoka?"

Wakavuka. Siku ya kwanza walifika wenzao wakiwa wameshapumzika mara mbili. Siku ya nne mtumbwi ukaacha kuzunguka. Ko, ko, kila kona, mbele na nyuma. Wiki ya tatu ikaisha na shamba lote limepandwa, na mzee wa mashamba alipokuja kutazama hakupata la kusema. Akasema tu mpunga umepandwa karibu karibu mno.

Hapa ningeweza kumaliza tukaimba, twende tukapike. Lakini mfano wenyewe hauishii hapa, na ningependa uishie hapa.

Mwaka wa pili yule mama mikono ikanenepa. Akawa anapiga kafi vizuri kuliko wale watano. Ndipo wakaanza kumwita. "Wewe, njoo huku. Unakaa na yule bibi mpaka lini, mpaka mzeeke pamoja?" Na mpunga ulikuwa unazaa, ndege wanafika shambani kabla ya jua. Akamwambia bibi, "Leo tu, bibi, nikawahi ndege."

"Nenda, mwanangu. Ndege hawaningoji mimi."

Leo tu ikawa kesho, kesho ikawa msimu. Bibi akawa anakuja nyuma yao, kona moja, kona mbili. Wakisikia ko, ko, yule mama anagonga, kisha siku nyingine anagonga mara moja, kisha siku nyingine anaacha, maana wale watano hawakuwa na mchezo huo. Waliuita ngoma ya wazee.

Ikaja siku ya kurudi na mavuno. Mitumbwi imejaa magunia, maji yanakaribia kuingia ubavuni, upepo umeanza, na mafunjo yanasogea. Kila mtu mikono imekufa. Wapo kona ya pili, pale njia inapogawanyika, wakasikia nyuma yao: ko, ko.

Yule mama alikuwa wa mwisho katika wale sita. Akajisemea, wa mbele atajibu, yeye ndiye kiongozi. Wa mbele akajisemea, wa nyuma atajibu, ndiye aliye karibu. Wa katikati hawakujisemea kitu. Ko, ko, tena. Kuinua kafi na kuligonga ubavuni ni kazi kubwa? Si kazi. Lakini mnakujua kule kuchoka ambako hata kitu kisicho kazi kinakuwa mlima. Yule mama akawaza, bibi naye kila siku na kugonga kwake huku, anataka nimsaidie magunia, na mimi nitasaidiwa na nani. Akainamisha kichwa, akapiga kafi.

Ko, ko. Mara ya tatu.

Wakafika. Wakashusha magunia. Mama akatazama nyuma mara moja, akaona maji matupu, akasema, mwendo wake ndio ule. Akaenda kwake, akapika, akalala kama jiwe.

Asubuhi mti ambao bibi hufungia mtumbwi wake ulikuwa mtupu.

Walimtafuta nusu siku. Wakamkuta ndani ya mkono ule wa kushoto usiokwenda popote, mafunjo yamemfungia mbele na nyuma. Amekaa, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, bado anakomba kwa kata. Alikomba usiku kucha. Magunia yake mawili ameyatupa ili asizame.

Yule mama akamwambia, "Bibi, umewezaje kupotea wewe?"

"Mimi? Njia hii naipita tangu sijavunja ungo."

"Sasa huku ulifuata nini?"

Bibi sauti imemkauka. Akasema, "Nilikuwa nakutafuta wewe. Nimegonga mara tatu, hukujibu. Nikasema huyu na mzigo wote ule, na upepo huu, ameingia kule tena, kama siku ile." Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Kumbe ulifika?"

"Nilifika, bibi."

"Basi vizuri."

Hakumwuliza kwa nini hakujibu. Angemwuliza ingekuwa nafuu.

Wanangu, mmenyamaza sasa bila kuambiwa. Nisikilizeni basi. Yule mama alidhani anaombwa kitu. Kumbe alikuwa anaulizwa, wewe upo salama? Na sisi je? Simu inalia, tunaitazama mpaka inazima yenyewe, tunasema huyu anataka nini tena leo. Mzee anakohoa uani kwake makusudi tukipita, tunaongeza mwendo. Kuna mwenzetu wa jumuiya hii hajakaa kwenye mkeka huu wiki nne, mnamjua, anakaa pale nyuma ya mashine ya kusaga. Kila mmoja wetu anadhani mwingine ameshakwenda. Mimi pia nilidhani. Nawasema ninyi na mimi ni wa kwanza, nyumba yake naiona kutoka jikoni kwangu.

Tulipokuwa hatujui kitu tulililia wenzetu wa kuandamana nao. Tuliomba, tukafunga na kufunga. Mungu akatupa, na aliotupa hawakuwa wale wenye mikono minene, tuliowataka. Alitupa wenye mitumbwi inayovuja. Tumejua kuvuka, tumewasahau. Halafu tunakuja hapa kusema tumechoka. Kweli tumechoka. Na mimi nimechoka, siwadanganyi, ningekuwa nimelala saa hizi. Mungu hatuulizi kwa nini tumechoka. Anajua. Lakini kujibu kunataka mkono mmoja, mara mbili.

Tukitoka hapa nakwenda kule nyuma ya mashine. Anayekuja aje. Asiyekuja, sitamwuliza.

Najua mnataka kusikia mwisho wake, na nani alirithi nini, maana kwenye msiba watu huuliza hilo mapema. Bibi yule kifua kilimlaza siku tisa, akafa. Shamba lake likaenda kwa binti yake aliyeolewa kijiji cha pili. Sufuria na mikeka wakachukua majirani. Mtumbwi unaovuja haukutakwa na mtu, ukapasuliwa, ukawa kuni za matanga, na chai yake tuliambiwa ilinukia tope. Wale watano hawakurithi kitu, ila kila msimu waliisimulia habari hii kana kwamba hawakuwapo. Kafi alipewa yule mama. Lilikuwa limebonyea upande mmoja, pale lilipogongwa miaka yote ile. Na nafasi ya nyuma, ambayo hakuna aliyeigombea, akaichukua mwenyewe, akavuka wa mwisho mpaka alipozeeka na wanawe wakamleta huku nchi kavu.

Alipokufa na yeye, ng'ombe waligawana wanawe wa kiume. Nyumba ikawa ya mume wangu. Mimi mkwe nilipewa kafi. Lipo nyuma ya mlango wangu, na hapa tunapokaa hakuna maji ya kuvuka.