Fundi Aliyetoa Prosesa Yake

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo nawapa mfano wa kompyuta ya gemu. Wazee wa mabenchi ya mbele, naona mmeshaanza kukunja nyuso. Vumilieni kidogo, maana mfano huu unawahusu nyinyi kuliko hao vijana wanaochekelea kule nyuma.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, katika mji wa upepo na vumbi kama huu wetu wa Singida. Fundi hasa, si wa kubahatisha. Mashine ya ofisini ikifa, anaitwa yeye. Ya shuleni ikigoma, yeye. Unampelekea kompyuta inatoa moshi, anaifungua huku anakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kumjibu ameshajua ugonjwa. Alijisifu? Alijisifu sana, na mimi simlaumu. Mtu anayeijua kazi yake akitembea kifua mbele, kuna ubaya gani?

Fundi huyu alikuwa na mdogo wake wa kike, binti mwenye kipaji cha gemu za mpira wa miguu. Msicheke, binti yule alikuwa hashikiki. Mashine aliyochezea alijengewa na kaka yake, kipande kwa kipande, mpaka skrubu ya mwisho, na kaka hakuruhusu mkono mwingine uiguse kule nyuma. Mgeni akifika nyumbani, kabla hajapewa maji anaonyeshwa kwanza ile kompyuta.

Basi yakatangazwa mashindano ya mkoa. Wachezaji sita, kila mmoja anacheza akiwa kwake kwa njia ya mtandao, Jumamosi mchana, na kila mtu anakutana na wenzake wote. Wawili wa juu wanakwenda Dar es Salaam kuuchezea mkoa. Binti alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka mitatu.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, picha zikaanza kukwama. Binti anampiga mtu chenga, picha inaganda. Ikija kufunguka, mpira uko wavuni, tena wavuni kwake.

Fundi akasema ni mtandao. Binti akamwonyesha kwamba hata akicheza peke yake, bila mtandao wowote, inakwama vilevile. Halafu akamwambia kwa adabu kwamba tatizo limeanza siku ile kaka alipoichukua kuipuliza vumbi, kwa hiyo labda waangalie nyaya zilivyorudishwa kule nyuma. Fundi akacheka. Akamwambia alianza kuchomeka nyaya za kompyuta yeye binti akiwa bado chekechea. Kesho yake binti akarudia neno lilelile, na safari hii kaka hakucheka. Alinuna mpaka chakula kikapoa.

Hapo ndipo fundi alipoanza kujiuliza swali kubwa la mafundi. Je, abadilishe prosesa? Wazee, prosesa ndiyo inayofikiri humo ndani. Na shida yake ni kwamba prosesa mpya haikubali kukaa kwenye madabodi ya zamani, yaani ule ubao mpana ambao kila kitu ndani ya kompyuta kimejishikiza. Ukigusa kimoja, umegusa vyote viwili. Akauliza kwenye kundi la mafundi wenzake kwenye simu. Nusu wakasema badilisha, nusu wakasema mashine bado nzima, ngoja. Siku tatu wanabishana, na kila mmoja anataja namba za prosesa kama mtu anayetaja majina ya wajukuu. Fundi alifurahi sana na mabishano yale. Yalikuwa mabishano ya hadhi yake.

Siku ya tatu binti akamjia tena na habari ya nyaya. Fundi akainua mkono kumnyamazisha, akasimama, akaenda kwenye karakana yake. Akafungua kompyuta yake mwenyewe, ile ya kazi, ambayo vipande vyake alivitafuta mwaka mzima. Akang'oa prosesa. Akang'oa madabodi. Akaja navyo nyumbani, akavifunga kwenye mashine ya mdogo wake, na yake ikabaki boksi tupu mezani.

Wapendwa, nataka mlione hilo. Alitoa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Ni nani kati yetu angemfanyia mdogo wake hivyo? Binti alilia, akashukuru kwa mikono miwili. Tena ni kweli, picha zilipungua kukwama kidogo. Kidogo tu, lakini nani angethubutu kusema neno mbele ya zawadi kama ile?

Jumamosi ikafika. Fundi akavaa shati lake la kitenge la sikukuu, akaita majirani, akapanga viti sebuleni, akawasimulia alichokifanya tangu mwanzo. Mechi ya kwanza ikaanza. Picha ikaganda, binti akafungwa. Mechi ya pili ikaganda tena, akafungwa tena. Majirani wakaanza kutazama dari.

Binti hakuomba ruhusa. Aliinuka, akaigeuza kompyuta, akatazama nyuma yake kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Akachomoa waya mmoja, ule unaotoka kwenye kioo. Akauhamisha kutoka tundu la juu kwenda tundu la chini. Akakaa.

Niwaeleze. Mashine ya gemu ina kadi yake maalumu ya picha, na kadi hiyo ina tundu lake, chini. Tundu la juu ni la madabodi. Ukichomeka waya juu, ile kadi yenye nguvu inakaa bure, haina kazi. Kompyuta nyingi za maofisini hazina kadi hiyo, zina tundu la juu peke yake, na fundi wetu alishinda na hizo Jumatatu hadi Ijumaa. Mkono wake ulikwenda juu wenyewe siku aliyosafisha vumbi. Alipofunga madabodi mpya, ukaenda juu wenyewe kwa mara nyingine.

Mechi tatu zilizobaki, picha ilitiririka, na binti alishinda zote tatu. Majirani wakapiga makofi. Fundi akasimama katikati ya sebule, akanyoosha mkono kuelekea ile mashine, akawauliza kama wanaiona kazi ya ile prosesa.

Matokeo yakasomwa. Wanaokwenda Dar es Salaam ni wawili. Binti alikuwa wa tatu.

Majirani wakaaga mmoja mmoja. Walipobaki wawili, binti akamweleza kaka yake habari ya lile tundu, na kwamba hata prosesa ya zamani ingetosha. Fundi akaenda nyuma ya mashine, akainama, akaangalia.

Akauliza, "Mdogo wangu, kwa nini hukuniambia?"

Binti akamjibu, "Nilikuambia mara tatu, kaka. Ukaniletea prosesa."

Wapendwa, sasa tuiache kompyuta.

Sisi ni kanisa la watoaji, na nalisema hili kwa kujivuna. Jengo hili tumelijenga wenyewe, hakuna aliyetusaidia tofali. Tukiombwa mbao tunatoa, tukiombwa siku za kazi tunatoa. Lakini niulizeni mimi, mchungaji wenu, ni kitu gani kinachonishinda. Kutoa hakunishindi. Kinachonishinda ni mtu kuniambia, "Hapa ulikosea," nami nikae, nisikilize, niseme ni kweli. Naona afadhali ning'oe kilicho bora nyumbani kwangu nikupe, ili usiendelee kusema. Na watu mtanisifu, na mimi nitazipokea sifa.

Yupo mama ambaye haji tena ibadani. Wengi mnamfahamu. Siku ya kumzika mumewe, alikaa na jeneza uani akitungoja mpaka jua likaanza kushuka, kwa sababu sisi tulikuwa hapa tunamwaga zege la msingi na mchungaji hakutaka kuliacha zege njiani. Mchungaji huyo ni mimi. Alituambia kwamba tulimuumiza. Alimwambia mzee wa kanisa, akawaambia kina mama, akaja akaniambia mimi mwenyewe. Tukafanya nini? Tukamjengea jiko. Jiko zuri, la tofali, lenye bomba la moshi, na picha ya jiko hilo tuliibandika pale kwenye ubao wa matangazo. Alitushukuru kwa mikono miwili, na hajarudi.

Leo, tukitoka hapa, nakwenda kwake kumwambia nilikosea. Anayetaka kufuatana nami karibu sana, ila asibebe kitu chochote, hata kilo ya sukari.