Kiwanja cha Waliosema Kweli

Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya kubembelezea watoto aende kwa jirani, kwangu leo hakuna.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bibi Mwantumu wa Kwembago, huko milimani, alikuwa na kumbukumbu: nani alihama, nani alimfukuza mkwewe, yote anayo. Mjukuu wake, Shebughe, alikuwa na mkono wa kuandika. Ukimpa maneno, halidondoki hata moja. Wa tatu, Tunsiime, mkutubi wa chuo alichosoma Shebughe, alijua kukifanya kilichofichika kionekane.

Shebughe alikuwa akiandika tasnifu juu ya koo zilizohamia milimani, akamwendea bibi yake na kinasa sauti. Bibi alisita, akauliza hayo maneno atayasoma nani. Shebughe akacheka. Akamwambia tasnifu husomwa na msimamizi na mende, basi. Ndivyo walivyotaniana chuoni, naye aliamini. Bibi, ambaye hajui kusema uongo ili kumfurahisha mtu, akafunguka: shamba wanaloishi ukoo mzima halikuwa lao. Baba mkwe wake alifika pale na njaa, na mzee Singano akamkaribisha alime mpaka apate pake. Pake hakupatafuta. Wengine waliojua habari hiyo walikuwa wamekufa au wamenyamaza.

Shebughe aliandika yote. Angeweza kuliruka lile la Singano na asiulizwe na mtu. Lakini ndilo lililoinyanyua kazi yake juu ya za wenzake, na watahini walimsifia hilo hilo. Alifurahi sana, tusimsingizie unyenyekevu.

Zamani tasnifu za chuo kile zililala kabatini mpaka zikaota ukungu. Tunsiime alikuwa ameziingiza zote kwenye hifadhi ya kidijitali, ili azisome yeyote mwenye simu. Ya Shebughe aliisoma mwanzo hadi mwisho, akaiwekea maneno ya kutafutia: jina la kijiji, la ukoo, la Singano. Kabla ya kuiweka alimwuliza Shebughe aifungue kwa watu wote au aifunge miaka kadhaa, maana ndani mna majina ya watu.

"Ifungue, dada," Shebughe akasema. "Nimeandika isomwe."

Ikasomwa. Hemedi, mjukuu wa Singano, aliandika jina la babu yake kwenye simu kwa kujifurahisha tu, na shamba likamtokea. Kwao walikuwa wakililia shamba lile miaka yote bila shahidi. Sasa wakampata, na kwa jina lake kamili. Baraza la ardhi halikukawia: aliyekaribishwa hawi mwenye mali, hata akae vizazi. Ukoo wa Bibi Mwantumu ukaambiwa utoke.

Siku ya kutoka Hemedi alifika mwenyewe, naye alikuwa amemwalika Tunsiime kutoka chuoni. Akamwamkia bibi shikamoo kwa adabu zote, na bibi ikambidi aitikie marahaba. Hemedi akasema hana ubaya na mtu, wala hasahau fadhila. Nyumba ya bibi na kiwanja chake ataviacha, viandikwe jina la mmoja kati ya watatu waliomrudishia shamba.

"Mmoja tu," akasema. "Na asinifugie ukoo humo. Semeni wenyewe ni nani."

Shebughe alidhani wote watakataa. Bibi yake ndiye aliyeanza. Alisema mumewe amezikwa nyuma ya jiko, naye anataka kulala pale pale, na bila yeye pasingekuwa na la kuandika. Tunsiime, macho chini, akasema tangu aanze kazi anaishi chumba cha kupanga, na bila yeye tasnifu ile ingeliwa na ukungu. Kisha Shebughe akajisikia akisema kwamba bila yeye maneno ya bibi yangezikwa na bibi, na kwamba mke wake ni mjamzito. Alisema hayo bibi yake akimtazama. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, na bado hakuyafuta.

Hemedi aliwasikiliza kwa utulivu, kama mnunuzi mbele ya mafungu ya nyanya.

Nyuma yao ukoo ulikuwa umekaa juu ya magodoro. Akainuka shangazi yake Shebughe.

"Mimi nililijua hilo tangu nikiwa msichana," akasema. "Nikanyamaza ili nyote mpate pa kulala. Mimi napewa nini?"

Mama yake mzazi, Bibi Mwantumu, akageukia upande wa jiko.

Hemedi bado anangoja jina. Aliyekumbuka, aliyeandika, aliyefungua: mwondoe mmoja, na shamba lisingehama. Haya, ninyi mliokaa kitako kunisikiliza, mkijua leo mtalala wapi, hukumuni. Nyumba mngempa nani? Na mkishamtaja, wale wa juu ya magodoro mtawaambia nini?