Kaisari Aliyepewa Jembe

Paukwa!
Pakawa!
Anayeitika huku anasinzia?
Akalale na kuku!
Aliye macho?
Asogee motoni!

Haya, sogeeni. Hapo kale, huko Ulaya kwenye baridi ya kung'ata mifupa, alikuwako Kaisari jina lake Ludolfo. Kaisari mzima, taji la dhahabu kichwani, lakini hakuwa na mji wa kukaa! Ndiyo mila yao. Makaisari wa huko walitawala wakitembea: leo hapa, kesho pale, wapishi nyuma, farasi nyuma, mbwa nyuma. Wakifika kwako, unawalisha. Ghala likikauka, wanahamia kwa jirani. Utawala gani huo? Mimi nasimulia tu.

Basi msafara ukaingia uani kwa Rikensa, mwanamke mjane, mkuu wa kijiji kidogo cha bondeni.

Siku ya kwanza mpishi mkuu akabisha hodi. "Mama Rikensa, Kaisari ana njaa. Kuna nini?"

"Kuna kondoo."

Wakala kondoo, wakalamba na vidole.

Siku ya pili, hodi tena. "Mama Rikensa, Kaisari ana njaa. Kuna nini?"

"Kuna jibini."

Wakala jibini, hata panya wakakosa cha kunusa.

Siku ya tatu, hodi! "Mama Rikensa, Kaisari ana njaa. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Mpishi akachungulia ghalani. "Na gunia lile?"

"Jamani, hiyo ni mbegu! Mbegu ya kijiji kizima! Ikiliwa hiyo, mwakani watoto wetu watakufa njaa."

"Mchana huu itakuwa mkate," akasema mpishi. "Na bata bukini wako ataingia chunguni."

Rikensa akakaa juu ya gunia, akalia kwa uchungu. Bata akamsogelea.

"Kwa-kwa! Mama, machozi hayazimi jiko la mpishi. Kaisari hufanya nini kabla ya kula?"

"Husikiliza mashtaka. Na neno akishalitamka mbele za watu, halirudi."

"Basi nenda kashtaki."

"Nimshtaki Kaisari kwa Kaisari? Nikatwe kichwa?"

"Usilitaje jina lake. Litaje tumbo lake."

Rikensa akajifuta machozi, akaenda. Kaisari alikuwa ameketi uani, watu wamemzunguka, pua yake imeelekea jikoni.

"Sema upesi, mama. Tumbo linaniunguruma."

"Shikamoo, Kaisari. Nina mgeni kwangu. Siku ya kwanza alikula kondoo wangu, nikanyamaza. Siku ya pili alikula jibini yangu, nikanyamaza. Leo anataka kula gunia la mbegu."

Kaisari akaruka. "Mbegu! Mlafi gani huyo, hana haya? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Alime, aipande mbegu hiyo mwenyewe, na asile mpaka gunia liishe. Nimesema!"

Watu wakaitikia, "Amesema!"

"Haya, yuko wapi?"

Rikensa akainuka. Akaenda nyuma ya mlango, akalitoa jembe, akapiga magoti na kumkabidhi Kaisari kwa mikono miwili.

Lo! Askari mmoja akashika upanga.

"Kwa-kwa!" akalia bata. "Amesema!"

Kaisari akalitazama jembe. Akalitazama gunia kule ghalani. Akaona aibu, uso ukamwiva. Kisha akaangua kicheko mpaka taji likamshukia puani.

"Nimejihukumu mwenyewe! Twendeni shamba. Wewe mpishi, beba gunia!"

Wakalima, Kaisari mbele, Rikensa nyuma yake.

"Unaparuza, bwana wangu. Chimba!"

"Mama, mgongo!"

"Pole sana. Bado shamba la jirani."

Jua lilipotua, gunia lilikuwa tupu na mbegu yote imo ardhini. Rikensa akawapikia mchuzi wa majani, na Kaisari akaapa hajapata kula kitu kitamu hivyo.

Kesho yake akaondoka na jembe begani. Tangu hapo, popote alipofikia, alfajiri ya siku ya tatu alitandika farasi mwenyewe kabla wenyeji hawajaamka. Na kule bondeni ngano ikaota tele, mistari imepindapinda kama njia ya mlevi. Rikensa aliivuna huku akicheka.

Hadithi imefika mlangoni. Tamu yake bebeni, makapi niachieni mimi. Mkubwa hajui uchungu wa mbegu mpaka ashike mpini.

Nawe shemeji, uliyekuja Jumamosi ukasema unapita tu: jembe liko nyuma ya mlango.