Tausi wa Mguu Mmoja na Jini Aliyekohoa Barazani

Jamaa zangu, niwieni radhi kabla sijakosea, maana kukosea nitakosea. Hekaya hii ilipotoka kwa mwenyewe ilikuwa na miguu miwili na mwendo wa maringo, lakini kwangu itawafikia inachechemea. Mimi kuhadithia najua kama paka anavyojua kufunga Ramadhani: nia ninayo, ila nikimwona samaki najisahau. Basi shikeni mbavu, na anayetaka kusinzia ageukie ukutani asije akanikoromea.

Alikuwako katika mji wa Sarandahari sultani mmoja jina lake Shahbuni bin Nadhari, mwenye ngome saba na wake wanne na meno kumi na moja, na meno hayo yote kumi na moja alikuwa ameyaweka wakfu kwa kitu kimoja tu, nacho ni halua. Na bingwa wa halua katika mji ule alikuwa mjane mmoja, Kuruthumu binti Shekuwe, aliyerithi kwa babaye vitu vitatu: sufuria ya shaba pana kama mwezi wa kumi na nne, mhuri wa mpingo wa kupigia chapa vitambaa vya kufunikia vikapu, na jini.

Jini huyo, aitwaye Tarnushi, alifungwa na marehemu kwa ahadi ya miaka arubaini akae chini ya sufuria apulize moto, usipande wala usishuke, na ujira wake ni pawa la kwanza la kila upishi kabla ulimi wa mwanadamu haujaonja. Sharti lilikuwa moja: akiiba kitu cha nyumba ile, hata uzi, miaka arubaini inaanza upya. Naye alitumika kwa uaminifu mpaka zikabaki siku saba tu. Aibu yake ilikuwa kikohozi, na sauti iliyokwaruza kama ukoko unaokwanguliwa chunguni.

Na mhuri ule ulikuwa wa tausi mwenye mguu mmoja. Alichongwa na miwili, lakini zamani, Kuruthumu angali mtoto, mguu mmoja ulikatika ukapotea, na babaye akamshuku mbuzi wa jirani, akamnunua, akamchinja, akampekua utumbo asione kitu. Akasema, "Basi, mbuzi tumemla, na tausi atasimama hivyo hivyo." Watu wakazoea, hata mteja akifika dukani haulizi bei, anasema tu, "Nipe ya Kiguru."

Sasa pale mlangoni mwa kasri palikuwa na tajiri mwenye duka, Sharmadi bin Jahi, ambaye tumbo lake lilimtangulia kuingia kila karamu. Halua yake ilikuwa wanga na sukari guru, ukiidondosha chini inaruka ikurudie mkononi. Alipoona wateja wanampita wakienda kwa Kuruthumu, unadhani alijifunza kupika? Hata! Alijifunza kuchonga. Akachonga mhuri wa tausi, manyoya yale yale, mguu mmoja ule ule, akapiga chapa vikapu vyake vyote. Kisha akawahonga vinyozi wa mji mzima waeneze kwamba tausi halisi ni wa Sharmadi, na Kuruthumu ni mwigaji anayepikia mate ya jini. Na neno la kinyozi hushika upesi, kwani mtu mwenye wembe kooni habishi.

Ikafika siku ya harusi ya mwana wa Sultani, na vikapu vya tausi vikaandamana kuingia kasri, vyote vya Sharmadi. Wageni walipokwisha kula wakainuka kwa pamoja bila kuagana, na njia ya chooni ikawa na vumbi kama njia ya vita. Sultani mwenyewe aliuma tonge moja, akavuta, tonge likamshinda, na lilipotoka likatoka na jino. Yakabaki kumi.

"Ya nani halua hii?" akanguruma Sultani, ameshika shavu.

"Ya Kuruthumu, Maulana," akajibu Sharmadi haraka. "Mimi yangu ni ile iliyoliwa kwanza, ikasifiwa."

Ikatoka amri: Ijumaa moto wa Kuruthumu uzimwe usiwashwe tena, na sufuria ya babaye ifuliwe misumari. Kuruthumu alipoipata amri ile hakulia. Alijifunga kibwebwe, akachukua mhuri wake, akamtwika jini sufuria, akaenda barazani kushtaki kabla hajahukumiwa.

Kadhi wa mji alikuwa Mwinyi Hatibu, mgane mwembamba, msikivu kiasi cha kwamba inzi akitua puani mwake humwacha amalize haja yake. Kuruthumu akasimama mbele yake na mbele ya Sultani akasema, "Ewe Kadhi, na ewe Maulana mwenye enzi, mimi namshtaki Sharmadi bin Jahi kwa mambo mawili. Amevaa uso wangu akauzia ubaya wake, kisha akawatuma watu waseme kwamba aliyevaa uso wa mwenziwe ni mimi. Mwizi wa kuku huacha banda, lakini huyu ameniibia jina, na jina ndilo banda, ndilo kuku, ndilo na mayai."

"Chapa ni yangu," akasema Sharmadi, akicheka mpaka tumbo likapiga makofi. "Mama wa sukari, rudi jikoni."

Kadhi akauliza, "Kama ni yako, kwa nini tausi wako ana mguu mmoja?"

Sharmadi akainama kama mtende kwenye dhoruba. "Tausi huyu, Maulana, ameukunja mguu mmoja kwa adabu, asije akaikanyaga kwa miguu miwili ardhi ya Sultani Shahbuni!"

Baraza zima likaguta, "Allah! Allah!" na Sultani akafuta chozi.

"Na wewe, Bi Kuruthumu?"

"Wangu ulikatika tu, Kadhi. Tulimshuku mbuzi."

Watu wakaangua kicheko. Sharmadi akapaza sauti, "Mlete mbuzi basi atoe ushahidi!"

"Tulimla."

"Hee! Amemla shahidi wake mwenyewe!" Na hapo hata walinzi wakaegemea mikuki yao kwa kucheka, na mfua chuma aliyekuja kwa ajili ya misumari akaanza kuikagua sufuria kwa ukucha.

Kuruthumu akaitazama shaba ile, akaona miaka yote ya babaye imo humo, na kwa mara ya kwanza midomo ikamtetemeka. Tarnushi akamwona. Akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akapiga magoti mpaka sakafu ikatikisika.

"Bibi yangu, mbuzi alionewa," akasema kwa sauti ya ukoko. "Siku ile mhuri ulikuwa umepakaa halua. Nikaulamba. Na mimi, mwanangu, nikilamba silambi kidogo. Mguu umenikaa kooni mpaka leo, na aibu imenikaa juu yake."

"Ami Tarnushi," Kuruthumu akanong'ona, "umebakiza siku saba! Ukikiri, unaanza arubaini upya."

"Najua kuhesabu, binti. Sijui kukutazama ukilia."

Sharmadi akaruka. "Napinga! Jini si shahidi! Hana kivuli, na babaye hajulikani!"

"Kweli," akasema Kadhi Mwinyi Hatibu, na inzi akaruka. "Simpokei kama shahidi. Nampokea kama kasha. Lifungueni!"

Walinzi wanne wakampiga jini mgongoni, halafu wanane, halafu Kuruthumu akawasukuma kando akampiga kofi moja la mkono wa mkoroga halua, na kutoka kooni mwa Tarnushi likaruka dude dogo jeusi, likamgonga Sharmadi kwenye paji la uso, likaanguka mbele ya Kadhi. Ulikuwa mguu wa tausi, mpingo mtupu. Kadhi akauweka penye mkato wa mhuri wa Kuruthumu, ukaingia kama ufunguo kwenye kufuli yake. Akautwaa mhuri wa Sharmadi, akaugeuza, akaupapasa: laini, hauna mkato popote.

"Sharmadi," akasema, "huyu mwanamke chapa yake ilipata ajali. Wewe umeichonga ajali kwa patasi. Tausi wako alizaliwa kilema kwa sababu ulimwigiza mgonjwa."

Baraza likalipuka kwa vigelegele. Hukumu ikatoka: mhuri wa uwongo uchomwe chini ya sufuria ya Kuruthumu, vinyozi, kwa kila kichwa wanachonyoa mwaka mzima, waseme kwanza, "Nilidanganya", duka la mlangoni mwa kasri liwe fidia ya Kuruthumu, na Sharmadi amkorogee halua mwaka mmoja, na halua haikorogwi kwa kupumzika. Sultani akaongeza, "Na jino langu?" lakini hilo hakuna sheria iliyolipata.

Kadhi akakohoa kidogo, ila si kwa mguu wa tausi. "Bi Kuruthumu, na mimi nina shauri langu..."

"Andika hukumu kwanza, uitie mhuri, ikauke wino," akasema Kuruthumu. "Sharmadi asije akasema nilikulisha halua. Kisha njoo nyumbani, ulishwe."

Wino ukakauka, na harusi yao ikawa ya siku tisa. Na kuhusu Tarnushi, Kuruthumu alisema mbele ya watu wote, "Mwenye mali nimesamehe, na kilichorudishwa kimekuwa amana." Pingu zikamdondoka, sauti yake ikatoka safi kama ya muadhini, akaruka angani akiimba. Ila kila Ijumaa hurudi kwa pawa la kwanza.

Hapa pana mafunzo, enyi wafanyabiashara: ukiiba chapa ya mtu umeiba na kilema chake, nacho ndicho kitakachokusema.

Nanyi mnaoniuliza mbona hekaya imechechemea, basi nakiri. Aliyeipika ni mke wangu, tamu na kamili, akanikataza nisiionjeshe watu kabla yeye mwenyewe hajasimulia. Nimeitia chapa yangu nikawauzia. Mguu wa pili msimshuku mbuzi wala jini: nimeumeza mimi, na huyo anayekuja na mwiko anajua pa kunipiga.